Nilizaliwa na mdomo sungura: naomba niseme jambo kuhusu huu "uzuri wa ndani"

#1 Binti Usambara (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na habari za jioni wana jamvi.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka sita na sidhani kama niliwahi kuandika zaidi ya "asante mkuu". Leo nimeshindwa kunyamaza. Wiki iliyopita mama mmoja alileta swali kuhusu mwanawe mchanga aliyezaliwa na mdomo sungura. Majibu yalikuwa mengi, na mengi kati ya hayo yalimwambia: usijali, cha muhimu ni uzuri wa ndani. Mtoto mwenyewe ana siku nne duniani, kunyonya hajaweza. Niliweka simu chini, nikalia, kisha nikarudi kwenye cherehani.

Maneno hayo nimeambiwa tangu nipate akili. Wanaoyasema wana nia njema, najua. Ila aghalabu huyasema wakitazama pembeni, na mtu akikwambia hivyo huku anatazama pembeni, unachosikia ni kwamba uso wako umeshafungiwa hesabu, ukatafute faida kwingine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini, nina miaka 39, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilizaliwa Lushoto mwaka 1986, mdomo wa juu umepasuka upande wa kushoto mpaka kwenye tundu la pua, na kaakaa nalo liko wazi. Sikuweza kunyonya. Bibi yangu alimkamua mama maziwa kwenye kikombe, akanikalisha wima mapajani na kuninywesha kwa kijiko, tone kwa tone, usiku na mchana, kwa sababu nikilazwa maziwa yalitokea puani. Hakufundishwa na mtu. Niko hai kwa kijiko kile.

Kijijini walisema mama alimcheka mtu mwenye kilema akiwa mja mzito. Wengine wakasema alikula nyama ya sungura. Nilipokuwa na miaka thelathini hivi, mama alinieleza jambo ambalo sijalisahau: kwamba kwa miaka mingi, kabla ya kulala, alikuwa akiwakumbuka mmoja mmoja watu wote aliowahi kuwacheka maishani, akitafuta ni yupi. Hakumpata, lakini hakuacha kutafuta.

Mwaka 1995 madaktari walikuja hospitali moja ya milimani wakaushona mdomo wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Kaakaa likazibwa 1997. Hapo ndipo watu hudhani hadithi imekwisha. Lakini kovu lilibaki, pua imelala upande mmoja, na sauti yangu ina king'ong'o mpaka leo, hasa nikichoka. (Hapa jamvini hamnisikii. Pengine ndiyo maana nimeweza kuandika yote haya.)

Shuleni kulikuwa na mwalimu ambaye zamu ya kusoma kwa sauti ikifika kwangu alinipita, akamwita wa nyuma yangu. Nadhani alijiona ananihurumia. Nilimaliza darasa la saba sijawahi kusoma mbele ya wenzangu hata aya moja.

Madrasa ilikuwa tofauti. Herufi *ba* hutoka kwa kufunga midomo yote miwili. Yangu ilikuwa inapandia puani na kugeuka *mim*, kwa hiyo Bismillahi yangu ilisikika "Mismillahi", na watoto walicheka. Maalim hakucheka wala hakunipita. Baada ya kaakaa kuzibwa alikata kipande cha karatasi, akakishika mbele ya mdomo wangu, akasema: ukitamka *ba*, nataka karatasi hii iruke. Ilichukua miezi. Watoto wengine walikuwa wameshafika mbali kwenye juzuu, mimi bado niko na karatasi. Siku iliporuka alisema "Alhamdulillah", akafungua mlango wa darasa akaniambia nikaitamke nje, uwanjani, kwa sauti. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mahospitalini kuna wataalamu wa matamshi wanaotumia karatasi hiyo hiyo. Maalim alikuwa ananifundisha makharij tu, yaani mahali kila herufi inapotokea mdomoni.

Nilipokuwa mwali nilijifunza mtandio. Ukiishi Tanga, binti akishika ncha ya mtandio mdomoni anaonekana ana haya. Nilisifiwa sana. Mama wa watu walinitolea mfano kwa mabinti zao. Haikuwa haya, ilikuwa hofu, na nilipokea sifa hiyo miaka kumi na tano bila kusema ukweli.

Na nyumbani mama, kwa kunifariji, alipenda kunisomea ile methali, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Nisameheni wazee, ila kwangu ilizaa sumu. Nilikua nikiamini kwamba kila msichana mwenye sura nzuri ni mkakasi, ndani hamna kitu. Niliwachukia wenzangu ambao hawakunikosea lolote. Nikajiita mwenye roho nzuri huku nimekaa na chuki hiyo.

Sasa jambo lenyewe.

Nina mteja, mama wa makamo, ananiletea vitambaa tangu 2016. Kila gauni anataka kola ndefu inayobana shingo, kwenye joto hili la Tanga. Nilikuwa nashona nikinung'unika moyoni kwamba anaharibu mshono. Siku moja mwaka 2019 namchukua vipimo, mtandio wangu ukadondoka, mikono yote miwili iko kwenye futi. Sikuweza kuuokota. Ikabidi nimalize hivyo hivyo, uso wazi, umbali wa shubiri moja kutoka usoni pake. Na kwa kuwa sikuwa tena na la kulinda, nikamwona. Kutoka chini ya sikio mpaka kwenye mtulinga alikuwa na kovu la kuungua, nene, limeivuta ngozi.

Miaka mitatu. Shingo ile nimeizungushia futi si chini ya mara ishirini, na sikuwahi kuliona kovu.

Nikaropoka, "Mama, samahani, sikujua." Akanitazama kwa mshangao. Akasema: "Mimi nilidhani uliliona siku ya kwanza, ukanisitiri usiniulize. Ndiyo maana sikuhama fundi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu macho yangu miaka yote yalikuwa na kazi moja tu: kupima macho ya mwenzangu yametua wapi. Nilikuwa hodari kwa hilo. Nilijua hasa mtu anapohama kutoka machoni pangu kwenda mdomoni. Lakini watu wenyewe sikuwahi kuwatazama. Nilijiona mnyenyekevu, kumbe nafsi yangu ilikuwa imejaa mimi peke yangu.

Kwa hiyo mkiniuliza uzuri wa ndani ni nini, mimi niliuona siku ile, na haukuwa wangu. Ulikuwa wa yule mama. Kwa miaka mitatu alinidhania wema ambao sikuwa nao, akaniazima sifa. Tangu siku ile najitahidi kulilipa deni hilo.

Sijawa malaika. Mwaka 2020 barakoa zilipoingia nilishona za vitambaa mpaka vidole vikauma, na mimi mwenyewe nikaivaa yangu hata jikoni. Nilipumzika, jamani. Mtaani sote tulikuwa sawa. Mpaka binti yangu aliponiuliza, "Mama, mbona unavaa ukiwa na sisi?" Sikuwa na jibu. Niliivua.

Nimesema marefu. Karibuni.

#2 Mkulima wa Kondoa

Dada, nimesoma mara mbili. Mimi ni baba. Mtoto wetu wa kwanza ana siku tisa, yuko kama ulivyokuwa wewe, mdomo na kaakaa. Uzito unashuka. Mke wangu anamfunika na kanga hata ndani, na mama yangu mzazi anasema mke wangu alimcheka mtu. Wameanza kusema arudi kwao akapumzike, na mimi najua maana ya hilo "kupumzika". Naomba msaada, sijui nianze na nani, mtoto, mke au mama.

#3 Muuguzi wa Zamu

Kaka wa Kondoa, anza na tumbo la mtoto. Nimekaa wodi ya watoto miaka kumi na minne.

Kaakaa likiwa wazi mtoto hawezi kuvuta, anajichosha bure ndiyo maana uzito unashuka. Mama akamue maziwa, mtoto apewe kwa kikombe kidogo na kijiko, au chupa laini unayoweza kuibonyeza. Akae wima, kichwa kiwe juu kuliko tumbo. Mcheusheni mara nyingi kwa sababu anameza hewa. Mlo mmoja usizidi kama nusu saa, zaidi ya hapo anatumia nguvu kuliko anazopata. Apimwe uzito kila wiki, na kwa kuwa tayari unashuka, kesho mpelekeni kituo cha afya, msisubiri siku ya kliniki. (Aliyepasuka mdomo tu, kaakaa likiwa zima, mara nyingi ananyonya vizuri.)

Halafu hili la kucheka. Mdomo wa mtoto huundwa kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande mbili za uso zinasogea kukutana katikati, na kwa baadhi ya watoto hazifiki. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano ni urithi, sigara, pombe, kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa, na mara nyingi huwezi kunyoosha kidole kwenye sababu moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 1,500 huzaliwa hivi, nchi zote, rangi zote, dini zote. Mwambie mama yako maneno hayo kwa upole. Mpe na kijiko.

Upasuaji wa mdomo hufanyika kuanzia kama miezi mitatu. Madaktari wengi bado wanafuata kanuni ya kumi tatu: wiki 10, ratili 10 ambayo ni kama kilo 4 na nusu, na kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) gramu 10. Kaakaa hufuata baadaye, kati ya miezi 9 na 18, ili lizibwe kabla matamshi hayajakomaa. Dada yetu alizibwa akiwa mkubwa, ndiyo maana king'ong'o kimebaki. Masikio nayo yapimwe, kwa watoto hawa maji hupenda kujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtu akadhani mtoto ni mkaidi kumbe hasikii.

Gharama zisiwatishe. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu watoto wengi wa namna hii, na Smile Train, shirika lililoanzishwa 1999, huwalipia kupitia madaktari na hospitali za nchi husika. Mwulizeni mganga wa wilaya awape rufaa.

#4 Binti Usambara

Asante sana Muuguzi. Kaka, huyo aliyeniokoa mimi alikuwa mama mzaa mama, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamini maneno ya sungura. Alianza kunilisha bado anaamini. Usishindane na mama yako kwa maneno. Mkalishe, mpe mjukuu mapajani, mpe kikombe. Na mkeo asiende popote.

Kanga iondoeni usoni kwa mtoto mkiwa ndani. Anajifunza kutazama sasa hivi, na anajifunza kwa kuwatazama ninyi.

#5 Mkweli wa Mabibo

Uzi mzuri, dada, na pole. Lakini naomba nipinge kidogo kwa heshima.

Mdogo wangu alizaliwa na alama ya zambarau nusu uso, kuanzia kwenye paji mpaka shavuni. Ana stashahada ya uhasibu, amefaulu vizuri. Mara nne ameitwa kwenye usaili, na mara zote nne, anavyosimulia, sura za waliomwita zilibadilika alipoingia mlangoni. Moja walimwambia wazi kwamba nafasi hiyo inahitaji "mwonekano". Sasa tukikaa hapa tunazungumzia uzuri wa ndani, tunamwambia nini? Ajirekebishe roho? Roho yake haina tatizo. Wenye tatizo ni waliokuwa nyuma ya meza. Naona habari hizi za ndani zinawapumzisha wao.

#6 Binti Usambara

Kaka, sikupingi, na nimesoma maneno yako kwa uchungu kwa sababu nayajua. Mwaka 2008 niliajiriwa kwenye duka moja la ushonaji. Mwenye duka aliipenda kazi ya mikono yangu, akanipa chumba cha nyuma, karibu na choo, akaniambia wateja wakija nisitoke. Nilikaa huko miezi kumi na moja. Nikitoka kuchukua kitambaa nilikohoa kwanza ili ajue, aniambie kama kuna mtu mbele.

Kwa hiyo mdogo wako asiambiwe na mtu yeyote awe mwema zaidi ili apate kazi. Kazi ni haki yake kwa uhasibu wake. Wema wake autumie anakotaka yeye, au asiutumie. Mimi nilichosema ni cha upande mwingine kabisa. Niliondoka chumba kile cha nyuma, nikafungua kibanda changu chenye mlango barabarani, na nikagundua kwamba bado nakohoa kabla ya kutoka. Yule mwenye duka hakuwepo tena. Nilikuwa nimembeba.

Yule wa nje tumpinge, na mimi nitasimama na wewe. Huyu niliyembeba, hakuna sheria ingemtoa. Alitolewa na mama mwenye kola ndefu.

Halafu niambie, mdogo wako anapenda nini? Mbali na kazi. Umetuambia alama yake na vyeti vyake tu.

#7 Mkweli wa Mabibo

Dada, nimekaa na swali lako dakika nyingi. Anapenda ndege. Anafuga njiwa, anawajua mmoja mmoja, anajua yupi amemkosea yupi. Sikumbuki mara ya mwisho nilizungumza naye kuhusu njiwa. Huwa namwuliza kama kuna aliyempigia simu ya kazi.

#8 Sauti ya Kilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi sikuzaliwa hivi. Nilichomeka nikiwa na miaka kumi na minne, stovu ya mafuta taa ililipuka nikipika chai. Shavu la kulia, kidevu na shingo. Kovu limefura, linawasha sana wakati wa joto.

Dada wa Tanga, uchungu wetu unafanana lakini haulingani. Wewe uso wako ndio uliokuja nao. Mimi nilikuwa na mwingine. Niliwahi kusifiwa, nikajua ladha yake. Mama aliziondoa picha zangu zote ukutani akidhani ananisaidia, na ni kama aliyekufa alikuwa mimi. Nikipanda matatu, kiti cha kando yangu ndicho cha mwisho kujaa. Kondakta huita "mmoja, mmoja bado", watu wanaona kiti, wanangoja gari lingine. Nimehesabu hilo kwa miaka tisa.

Swali langu ni la kweli, si la kubisha. Mtu anayekumbuka sura yake ya kwanza anafanyaje? Hujafa hujaumbika, wanasema. Basi mimi nimeumbwa mara mbili, na mara ya pili sikuulizwa.

#9 Binti Usambara

Dada yangu, sina jibu lako na sitaki kulitunga. Mimi sikuwa na sura ya kuiomboleza. Kwetu hakuna picha yangu hata moja ya kabla ya 1995. Mpiga picha alipokuja sikukuu ya Idd, mimi nilitumwa dukani, kila mwaka, kununua kitu ambacho tayari kipo. Wewe wamekuficha ulivyokuwa, mimi walinificha nilivyo. Ningekuwa karibu ningekuomba uzitafute hizo picha uzirudishe ukutani, ukiwa tayari, na uweke ya sasa kando yake. Maana aliyepika chai siku ile na anayeandika hapa ni mmoja.

Kuhusu matatu: siku nyingine mtu akikaa, mtazame yeye. Nimejaribu hivi kwenye daladala. Zamani akikaa mtu nilikuwa nageuka dirishani kabla hajanigeukia. Sasa nageuka namsalimu kwanza. Wengine wanashtuka, ndiyo. Lakini nimejua mambo mengi ya watu. Kuna mzee mmoja alinieleza njia nzima jinsi ya kukausha karafuu.

#10 Mpemba wa Leicester

Kwa dada wa Kilifi. Huku Uingereza nafanya kazi ya kutunza wazee, na hapo ndipo niliposikia habari za James Partridge. Mwaka 1970, akiwa na miaka 18, gari lake lilishika moto, uso ukaungua vibaya. Alikuwa na sura yake ya kwanza kama wewe. Alifanyiwa operesheni nyingi sana. Baadaye akahamia kisiwa cha Guernsey akafuga ng'ombe wa maziwa na kufundisha, halafu 1992 akaanzisha Changing Faces, shirika la watu wenye tofauti za uso. Alifariki 2020.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo nalipenda kuliko yote. Mwaka 2009 alisoma taarifa ya habari ya mchana kwenye televisheni ya taifa zima, kituo cha Five, wiki nzima. Hakuhojiwa kuhusu uso wake. Alisoma habari tu, za siasa na uchumi, kama msomaji mwingine yeyote. Watu walimsikiliza.

Shirika lake pia lilipigania suala la filamu, kwamba mtu mbaya ndiye daima mwenye kovu. Mwaka 2018 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ikasema haitatoa tena fedha kwa filamu zinazotumia kovu la usoni kumtambulisha mwovu. Nikakumbuka tamthilia zetu za nyumbani. Jambazi akitafutwa, kwanza anapakwa kovu.

#11 Msomaji wa Usiku

Mleta uzi, kuna kisa cha zamani kinaweza kukupendeza. China, karibu mwaka 390, alikuwapo kijana wa miaka 18 aitwaye Wei Yang-Chi, mdomo wake kama wako. Alisikia kwamba kwa gavana mmoja yuko tabibu anayeweza kuushona, akasafiri mpaka huko. Tabibu akamwambia: nitakata kingo na kuzishona pamoja, lakini kwa siku 100 utakunywa uji mwepesi tu, usiseme wala usicheke. Akakubali. Alipona, na baadaye yeye mwenyewe akawa gavana.

Na namna ya kukata ambayo madaktari wengi wanaitumia siku hizi, ile inayozungusha upande mmoja wa mdomo ushuke na kuuleta wa pili kuziba nafasi, ilitokana na daktari wa Marekani, Ralph Millard, aliyeionyesha kwa wenzake Stockholm mwaka 1955.

#12 Binti Usambara

Siku 100 bila kucheka. Mimi bibi aliwakataza binamu zangu kunichekesha kwa wiki mbili, akakaa mlangoni na fimbo. Walikuwa wananionyesha ishara kupitia dirishani. Mshono mmoja ulifumuka kwa ajili hiyo, hapo ndipo kovu langu limepinda kidogo. Nikijitazama kwenye kioo pale napakumbuka kwa furaha, maana ni mahali nilipocheka.

Mume wangu nimemsomea uzi wote, na yupo mtu alinitumia ujumbe pembeni kuuliza nilipataje kuolewa. Nitajibu hapa hapa, sioni aibu. Alikuja kushonesha kanzu. Nikamwambia bega lako la kulia limeshuka, nitakata tofauti ili kanzu ikae sawa. Akasema hakuna fundi aliyewahi kumwambia. Kwa kweli hakuna mteja mwenye mabega sawa, katika miaka yote hii sijampata hata mmoja. Akarudi kwa kanzu ya pili ambayo hakuihitaji.

#13 Mkulima wa Kondoa

Wana jamvi, ni miezi mitatu, narudi kama nilivyodaiwa.

Leo kliniki: kilo 5 na gramu 100. Mlishaji mkuu ni mama yangu mzazi. Hataki mtu amguse mtoto saa ya chakula, anasema tunammwagia. Habari ya kucheka haisemi tena, na majirani wakiisema huwajibu kabla sijafungua mdomo. Wiki ya 4 na ya 7 anaitaja kama yeye ndiye aliyeigundua. Tumepewa rufaa na tarehe, Dar es Salaam, wiki mbili kutoka leo. Muuguzi, Mungu akulipe.

Mke wangu anamtoa nje bila kanga. Ila juzi usiku nilimkuta amekaa kitandani analia, mtoto amelala. Nikadhani anaogopa operesheni. Akasema hapana, ni kwamba ameshamzoea hivi hivi. Mtoto ameanza kucheka, anacheka mdomo wote umefunguka mpaka puani, na yeye anaogopa kwamba wakimshona kile kicheko hatakiona tena. Sikujua nimjibu nini. Dada wa Tanga, naomba umjibu wewe, ninamsomea.

#14 Binti Usambara

Wifi yangu, mimi siwezi kukwambia usilie. Kitabadilika kweli. Atacheka kwa namna nyingine, na kwa siku chache utamtafuta yule wa kwanza.

Mpigeni picha kabla hamjasafiri. Nyingi. Mchana, mlangoni penye mwanga, uso wote, akiwa anacheka hivyo hivyo. Na msiziache kwenye simu, zitoeni kwenye karatasi muweke na kadi yake ya kliniki. Siku moja atauliza alikuwaje. Mimi nilimwuliza mama. Hakuwa na cha kunionyesha, akaweka kidole chake mwenyewe kwenye mdomo wake wa juu, upande wa kushoto, akakipandisha polepole mpaka kwenye pua, akasema, "Ulikuwa mimi, ila hapa palikuwa wazi." Ndiyo picha pekee niliyo nayo.